Siku ya kupasuliwa mgongo: Kufunga kwa hospitali si saumu

AFYA NA USAFI

Leo tutazungumzia jambo ambalo wengi huliogopa hata kulitaja, nalo ni siku ya kupasuliwa mgongo. Nimeulizwa maswali mengi juu yake na wagonjwa wangu wa Uru, kuanzia Shimbwe hadi Materuni na Kishumundu, na karibu wote huanza kwa kauli moja: "Tabibu, nimesikia mtu akipasuliwa mgongo hatembei tena."

Kabla sijajibu, nikusimulie kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja wa huku mteremkoni, mkulima wa migomba na kahawa, mwenye ng'ombe wawili wa ndani. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukiwaka moto kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, na kupanda kutoka mfereji wa maji hadi nyumbani kwake alilazimika kupumzika mara nne. Nilimwandikia rufaa. Alipimwa, ikaonekana diski imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu, akapangiwa siku ya kupasuliwa. Kabla hajaenda kulazwa alipita kwangu kuaga. Nikamwambia, "Baba, siku hiyo unatakiwa uwe umefunga." Akasema, "Hilo ni jepesi, tabibu, mimi nafunga hata Jumatatu na Alhamisi." Tukacheka, tukaagana.

Ndugu msomaji, mzee yule alifanya kama nilivyomwambia. Aliamka wodini saa kumi na nusu za usiku, akafungua hotipoti aliyoachiwa na mkewe jioni, akala kiburu na maziwa mgando akashiba, akanywa maji, akanuia, akalala. Alikuwa amekula daku! Saa tatu asubuhi akiwa tayari mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi alimuuliza, "Mzee, mara ya mwisho umekula saa ngapi?" Naye kwa kuwa ni mtu mkweli akajibu, "Nimekula daku kabla ya adhana ya alfajiri." Akarudishwa wodini. Operesheni yake ikaahirishwa, na akasubiri karibu mwezi mzima kupata nafasi nyingine, huku mguu ukizidi kumuwaka.

Ndugu zake walikasirika, wakasema hospitali inawazungusha. Ukweli ni kwamba ukweli wake ulimwokoa, na kosa lilikuwa langu. Nilitumia neno "kufunga" kwa Muislamu bila kumweleza kwamba kufunga huku si kule anakokujua.

KWA NINI TUMBO LIWE TUPU

Mtu akiwa macho, chakula kikimpanda kooni atakohoa au atatema. Akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi, kinga hiyo inalala pamoja naye. Chakula na tindikali ya tumbo vinaweza kupanda kooni, vikashuka kwenye njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu. Mgonjwa anaweza kukosa hewa pale pale mezani, au akaamka na homa kali ya mapafu ikamuua baada ya siku chache. Mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kufa kwa ajili ya bakuli la mtori.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa usingizi sehemu nyingi duniani ni hii:

Kwanza, chakula kizito, kama nyama, vitu vya mafuta, kiburu, machalari na wali, kisiliwe katika saa 8 kabla ya dawa ya usingizi.

Pili, chakula chepesi, na maziwa ya aina yoyote, pamoja na chai ya maziwa, visitumiwe katika saa 6 kabla. Uji na mtori visikudanganye kwa kuwa vinanyweka. Hivyo ni vyakula.

Tatu, maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa huweza kuruhusiwa mpaka saa 2 kabla, lakini kwa idhini ya wahudumu wa hospitali uliyolazwa, si kwa kujipimia mwenyewe.

Hospitali nyingi hurahisisha kwa kusema: usile chochote baada ya saa sita usiku. Fuata watakavyokuambia wao, kwani wenye kisukari na wengine wana maelekezo yao maalumu.

Tazama basi tofauti. Saumu huanza alfajiri na kabla yake tumesuniwa kula daku. Kufunga kwa hospitali huhesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya operesheni, na daku ndiyo hasa kinachokatazwa. Saumu hubatilika kwa kula makusudi, na aliyekula kwa kusahau huendelea na saumu yake. Huku aliyesahau naye lazima aseme, maana mapafu hayajui nia. Na kama operesheni imeangukia Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na atalipa baadaye akipona.

Ukiulizwa umekula lini, sema kweli, hata kama ni kipande cha ndizi ulichoonjeshwa na mjukuu. Kuahirishwa kunauma, lakini aliyeahirishwa atapata siku nyingine.

NANI HASA ANAHITAJI KUPASULIWA

Maumivu mengi ya mgongo hayahitaji kisu. Mengi hupungua kwa dawa, kwa mazoezi na kwa kuacha kubeba mizigo mizito, na hayo yote hujaribiwa kwanza. Upasuaji hufikiriwa pale mshipa wa fahamu unapobanwa na diski au mfupa na nafuu isipatikane, pale pingili inapovunjika, au pale penye uvimbe au kifua kikuu kilichokula pingili za uti wa mgongo.

Huku kwetu kuvunjika kwa pingili si habari ngeni. Watu wanapanda miti kukata majani ya ng'ombe na kuangua parachichi, wengine wanateleza makorongoni, na siku hizi bodaboda zimeongeza yake. Utafiti wa majeruhi wa uti wa mgongo Kaskazini Mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kuanguka ndiko kulikoongoza, kukifuatiwa na ajali za barabarani.

Zipo dalili ambazo si za kusubiri hata usiku mmoja: miguu kulegea, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, haja kubwa kutoka bila kujijua, na ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali mara moja. Na aliyeanguka kutoka mtini asibebwe mgongoni wala asikalishwe kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango, mwili umenyooka na kichwa kimeshikwa kisitikisike.

Sisi wa Uru tumejaaliwa kuwa karibu na KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina idara ya mifupa. Baadhi ya wagonjwa hupelekwa mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996. Popote utakapopelekwa, siku yenyewe inafanana sana.

SIKU MOJA KABLA

Kwa kawaida utalazwa siku moja au zaidi kabla. Utachukuliwa damu kupimwa wingi wake na kundi lake. Operesheni kubwa ya mgongo inaweza kupoteza damu nyingi, hivyo ndugu wataombwa kuchangia. Vijana wa familia waje mapema, wasisubiri kupigiwa simu mgonjwa akiwa mezani. Ni sadaka kubwa, na mtu mzima mwenye afya haimdhuru.

Utaletewa fomu ya ridhaa. Usiisaini kama mtu anayesaini kupokea gunia la mbolea. Uliza: Mnafanya nini hasa? Mnategemea nini kitapona na nini kitabaki? Hatari zake ni zipi? Nisipofanyiwa itakuwaje? Daktari mzuri atakuambia kuwa maumivu ya mguu ndiyo hupungua zaidi kuliko ya mgongo wenyewe, na kwamba hatari zipo: kutokwa damu, kidonda kuingia vijidudu, kuumia kwa mshipa wa fahamu na kutopata nafuu iliyotarajiwa. Kupooza kunaweza kutokea, lakini si kawaida, na mara nyingi wanaopooza ni wale ambao uti wao ulikwisha kuumia kabla ya kufika mezani. Mwenye kusaini ni mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye akili zake, mwanamume au mwanamke. Ni vizuri kushauriana na mume, baba au kaka, lakini mwili ni wake.

Taja dawa zote unazotumia. Nasema zote: za presha, za sukari, aspirini, na zile za asili unazochemsha nyumbani, hata kama ni za heri kama habbat sauda. Baadhi huifanya damu isigande upesi, nyingine huchanganyana vibaya na dawa ya usingizi. Usiache dawa ya presha wala ya sukari kwa uamuzi wako, uliza ipi unywe na ipi usimamishe. Taja pia kama ulishawahi kulazwa kwa nusu kaputi ukapata matatizo, kama una pumu, na kama una jino linalolegea.

USAFI WA MWILI

Hapa, ndugu msomaji, dini yetu na hospitali wanakutana. Oga mwili mzima kwa sabuni usiku ule au asubuhi yenyewe, kwa kituo kama unavyooga janaba: makwapani, kitovuni, kwenye mikunjo yote, na mtu akusaidie mgongo. Vijidudu vingi vinavyoharibu kidonda vinatoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Vaa nguo safi na lalia shuka safi.

Lakini usijinyoe mgongo wala kiuno kwa wembe. Zamani hata hospitalini walifanya hivyo. Leo inajulikana kwamba wembe huacha michubuko isiyoonekana, na vijidudu hujificha humo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 lilikataza kunyoa kwa wembe kabla ya upasuaji. Ikilazimu nywele ziondolewe, wahudumu watazipunguza kwa mashine yao. Sunna ya kuondoa nywele za mwili ifanywe siku nyingi kabla, isiwe usiku wa kuamkia operesheni.

Kata kucha. Akina mama, ondoeni rangi ya kucha, na hina nyeusi iliyokolea isipakwe siku hizo, maana kidoleni huwekwa kifaa kinachopima hewa safi katika damu na rangi inaweza kukisumbua. Pete, hereni, mikufu, saa na meno ya bandia vyote vivuliwe, apewe ndugu mwaminifu. Na waliovaa hirizi nao watavua. Tumtegemee Mwenyezi Mungu.

ASUBUHI YENYEWE

Amka uswali alfajiri yako kwa utulivu. Utavalishwa gauni la hospitali lililo wazi nyuma na kofia ya kufunika nywele. Dada yangu, kama unasitirika, omba shuka ya kujifunika hadi mlangoni, na mwambie nesi kwamba ungependa kuvuliwa na kuandaliwa na wanawake pale inapowezekana. Omba kwa adabu na mapema, mara nyingi utasikilizwa. Isipowezekana, hiyo ni dharura na dharura ina hukumu yake.

Utawekewa sindano ya dripu mkononi, kisha utasukumwa kwa kitanda cha magurudumu. Ndugu wataishia mlangoni. Waage hapo, ombeaneni dua.

Ndani utaulizwa jina lako, unafanyiwa nini na wapi. Kisha mwingine atakuuliza tena, na wa tatu naye. Wagonjwa wengi hushtuka: "Hawa hata hawanijui!" La hasha. Wanakujua, na wanakuuliza makusudi. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo timu nzima husimama mara tatu kuisoma: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na moja ilikuwa ya kwetu Tanzania, huko Ifakara. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo ukiulizwa jina mara ya tatu, lijibu kwa furaha.

Chumba kina baridi na taa kali, na watu wote wamefunika nyuso. Utabandikwa nyaya za kupima moyo kifuani na mkanda wa presha mkononi. Utawekewa kinyago cha hewa usoni, dawa itaingia kwenye dripu, na utalala kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Ikiwa una wasiwasi, leta dhikri. Hakuna atakayekuzuia.

UKIWA USINGIZINI

Ukishalala, mtaalamu wa usingizi atapitisha mpira kooni wa kukupumulia, na dawa ya kuzuia vijidudu huingizwa kabla ya kukata. Katika operesheni ndefu utawekwa na mpira wa mkojo. Kisha watu wanne au zaidi watakugeuza kwa pamoja ulale kifudifudi. Mito huwekwa chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie huru, kwani tumbo likibanwa damu hujaa kwenye mishipa ya mgongo na kidonda huvuja zaidi. Macho hufungwa na kulindwa. Ndiyo maana ukiamka uso unaweza kuwa umevimba kidogo, usiogope.

Daktari atapiga picha ya eksirei pale pale mezani kuhakikisha ni pingili ile inayohusika. Atakata ngozi, atasogeza misuli pembeni, kisha atatoa kipande cha mfupa au cha diski kinachobana. Kama pingili zimevunjika au zinacheza, atazifunga kwa skrubu na vyuma, ambavyo kwa kawaida hubaki mwilini maisha yote.

Operesheni ya diski moja huchukua saa moja au mbili. Ya kufunga vyuma inaweza kuchukua saa tatu hadi sita. Ongeza muda wa kulazwa, kugeuzwa na kuamshwa. Nawaambia haya ninyi mnaosubiri nje: kuchelewa kutoka si dalili ya kifo. Nimewahi kumkuta mama amekaa chini korido analia kwa sababu saa nne zimepita, na mumewe alikuwa amekwisha kuamka muda mrefu, yuko chumba cha uangalizi. Mteueni mtu mmoja wa kuulizia habari, awape wengine.

UKIAMKA

Utasikia unaitwa jina. Koo litakuwa limekwaruzika kwa sababu ya ule mpira, mdomo umekauka, na unaweza kutetemeka kwa baridi. Utaambiwa, "Chezesha vidole vya miguu. Sukuma mkono wangu kwa unyayo." Hili litarudiwa tena na tena usiku kucha. Wanaangalia mishipa yako ya fahamu, kwa hiyo usichoke nao. Kama mguu uliokuwa na nguvu unalegea, au ganzi inaongezeka, sema papo hapo hata kama ni usiku wa manane. Damu ikiganda ndani na kubana uti, saa chache zina thamani kubwa.

Ubavuni unaweza kukuta mpira mdogo wenye chupa unaotoa damu iliyobaki kwenye kidonda. Ni kawaida.

Maumivu yapo, lakini hutakiwi kuyavumilia kishujaa. Omba dawa kabla hayajapanda sana. Mgonjwa anayeumia hapumui kwa kina wala hajigeuzi, na hapo ndipo homa ya mapafu na damu kuganda miguuni vinapoingia. Wapo wanaokataa mofini kwa kudhani ni kilevi cha haramu. Ikitolewa na daktari kwa kipimo na kwa muda, ni dawa. Hufunga choo, basi kunywa maji ukisharuhusiwa.

Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, kunja na kunjua nyayo. Kugeuka, geuka kama gogo: mabega na nyonga kwa pamoja, bila kupinda kiuno. Wengi huketishwa au kusimamishwa kesho yake, wengine siku ile ile, lakini ni kwa mkono wa mtaalamu wa mazoezi au nesi, si kwa kuvutwa na shemeji.

SWALA YA MGONJWA

Swali hili huulizwa sana. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa kulalia ubavu. Wanazuoni wakaeleza kuwa asiyeweza hivyo huswali hata akiwa chali, kwa ishara. Kidonda cha mgongo hakimo katika viungo vya udhu, hivyo ndugu anaweza kukuletea beseni kitandani ukatawadha bila kulowesha bandeji. Asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Mwenye mpira wa mkojo ni mwenye udhuru, hutawadha kila swala wakati wake unapoingia na kuswali, mpira haumzuii.

Operesheni inaweza kukupitisha adhuhuri na alasiri. Kuhusu kukusanya swala kwa ajili ya ugonjwa, na kulipa iliyokupita ukiwa katika usingizi wa dawa, muulize sheikh wako kabla ya siku hiyo, usingoje kuuliza ukiwa na maumivu.

WANAOKUJA KUZURU

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini oshe mikono kila anayeingia, asikae juu ya kitanda, asiguse bandeji, na wasije kumi kwa mpigo. Chakula kisitolewe mpaka nesi aseme. Baada ya nusu kaputi tumbo nalo huchelewa kuamka, na huanzwa na maji kidogo kidogo. Mke au dada aliyebeba hotipoti kutoka Uru kwa gari mbili ana mapenzi makubwa, lakini aulize kwanza.

Mkirudi nyumbani, mgonjwa asipandishwe mlima kwa bodaboda. Kodini gari. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu, na majani ya ng'ombe yapate mtu mwingine mpaka daktari aruhusu. Arudishwe hospitali upesi akipata homa, kidonda kikitoa usaha au maji maupe yanayoambatana na kichwa kuuma, muguu wa chini ukivimba, pumzi ikibana, au mkojo ukigoma.

Ama mzee wangu yule, siku ya pili ilipofika mkewe aliondoka wodini jioni na hotipoti yake mkononi. Asubuhi mtaalamu wa usingizi alipomuuliza, alijibu, "Nimekula jana saa moja na nusu baada ya magharibi, na tangu hapo hata maji." Akafanyiwa. Mguu uliacha kuwaka wiki ile ile, mgongo ulichukua miezi, na mpaka leo hapandi miti. Lakini msikitini anakwenda kwa miguu, na kwenye kilima kile hupumzika mara moja tu. Nami tangu siku ile simwambii mgonjwa yeyote "ufunge." Namwambia, "Saa sita usiku, kinywa kimekwisha. Na daku hakuna." Kisha namtaka anirudie maneno hayo kwa kinywa chake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu.